Nafasi Kando ya Mume Wangu

Mume wangu alipokufa sikulia. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakarudi makwao, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na leso mkononi, kavu. Siku ya tatu dada zake walianza kunitazama kwa jicho la pembeni. Mmoja akaninong'oneza, "Lia hata kidogo, watu watasema nini?" Nilijaribu. Nilifumba macho nikamkumbuka alivyokuwa wiki ile ya mwisho, midomo imepasuka, akiomba maji na kisha kuyakataa. Hakuna kilichokuja.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kama tunavyozika huku kwetu Bwera. Siku hiyohiyo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayelima kahawa kule juu Kyarumba, alipiga hatua mbili kutoka kwenye kaburi, akachomeka kijiti ardhini. "Hapa ni pako, shemeji," akasema. Hakusema kwa ubaya. Nafasi ilikuwa upande huo mmoja tu, kwa sababu upande wa pili kuna mtaro unaopitisha maji ya mvua kutoka mlimani. Nilimshukuru. Mtu akishajua atakapolala, jambo moja limekwisha, na wakati ule nilipenda mambo yaliyokwisha.

Nina kibanda cha chai na chapati kando ya barabara iendayo mpakani. Ukiifuata unafika Mpondwe, darajani, na ng'ambo ya mto ni Kongo. Kiswahili nilikipata kwa njia mbili. Mume wangu alikuwa askari, akakileta nyumbani pamoja na buti zake. Kingine nilikiokota kwa wateja, wale wafanyabiashara wa Beni na Butembo wanaovuka siku za soko na kukaa kwenye benchi langu wakingoja magari yao.

Tulikuwa na mwanamke aliyetubebea maji, sisi wenye vibanda. Alikuwa mfupi, akifika hapa kifuani pangu, na mimi mwenyewe si mrefu. Mama yake alikuwa Mbuti, watu wa msitu wa Ituri. Baba yake hakumtaja. Alikuwa amekimbia vita vya upande wa Beni, akafika hapa bila mtu, akakodi chumba nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Asubuhi alipita na madumu mawili ya njano, moja kila mkono, akitembea upesi kana kwamba anaitwa.

Tulimwita mbilikimo. Si kwa siri, tulimwita usoni. "Mbilikimo, leta maji." "Mbilikimo, jana hukuja." Nalisema mapema ili asije mtu akadhani mimi nilikuwa tofauti. Nilimwita hivyo kwa muda mrefu, na yeye aliitika, na niliamini kwamba mtu anayeitika hana neno.

Wakati ugonjwa ule wa kutokwa damu ulipokuwa Kongo na sisi huku tukinawa mikono kwa maji ya dawa kila penye mlango, nilitenga vikombe. Cha plastiki, cha bluu, kilichotundikwa kwenye msumari, kilikuwa cha Wakongo. Siku zile kila mtu alifanya hivyo na sioni haja ya kujitetea. Ugonjwa ulipokwisha, wafanyabiashara walirudi na nguo zao nzuri, nikawapa bilauri kama wengine. Kikombe cha bluu kikabaki msumarini kwa ajili ya mtu mmoja. Hakuna aliyeniamuru. Mwanamke yule alikuwa akifika, anatua madumu, anakichukua mwenyewe, ananisogezea nimimine. Akimaliza anakisuuza na kukirudisha.

Kanisani nilikuwa nikikaa mbele, na wenzangu wa chama cha akina mama. Baada ya msiba nilihama. Kule mbele watu walikuwa wakinigeukia kila wimbo wa huzuni ulipoimbwa, wakingoja nilie. Nikaenda benchi la mwisho, karibu na mlango, ambalo siku zote lilikuwa na nafasi. Nilipokaa ndipo nikaelewa kwa nini lilikuwa na nafasi. Alikuwa amekaa pale, peke yake, amevaa kitenge safi kilichopauka na viatu vya plastiki.

Padre aliposema tutakiane amani, watu waligeukiana, wakashikana mikono, wakacheka kidogo kama wanavyofanya. Mimi niligeuka. Yule mwanamke alikuwa ameshaunganisha viganja vyake kifuani na kuinamisha kichwa. Hakunyoosha mkono. Alikuwa amejifunza kutonyoosha. Nami nikainamisha kichwa, nikaona ni jambo jepesi zaidi, nikatazama mbele.

Tulikaa hivyo Jumapili nyingi. Hatukuwa marafiki. Sitaki kutengeneza urafiki sasa ambao haukuwapo. Lakini siku moja padre alikuwa akisoma majina ya marehemu, likatajwa la mume wangu, na vichwa vya mbele vikageuka. Yule mwanamke akaniangalia, akasema polepole katika Kiswahili chake cha Kongo, "Weye pia machozi yako ilikwishaka?"

"Ilikwisha," nikasema.

"Yangu ilibakiaka kule."

Aliposema "kule" hakuonyesha hata kwa kidevu.

Juma hilo alipoleta maji nilimpa chai kwenye bilauri. Sikupanga. Mkono ulikuwa karibu na bilauri, basi nikamimina. Alisimama akiitazama, kisha akanywa haraka kama mtu anayetazamwa, na kweli alikuwa anatazamwa. Mteja mmoja, mzee wa heshima anayeuza simenti, aliiinua bilauri yake mwenyewe, akaiangalia, akamwaga chai chini kwenye vumbi. "Kesho nitajuaje ipi ni yake?" akaniuliza. Hakupaza sauti. Akatoka.

Kesho yake nilimimina chai kwenye kikombe cha bluu. Alikichukua bila kuniangalia. Ningeweza kusema nilisikia aibu, na huenda mwandishi mwema angesema hivyo. Sikusikia kitu. Niligeuza chapati. Jioni ndipo nilipogundua nimeunguza nne.

Miezi ikapita, miguu yake ikaanza kuvimba. Akawa anabeba dumu moja, na kupumzika mara tatu kabla ya kufika kwangu. Wenye vibanda wakatafuta mtu mwingine. Mimi sikutafuta, kwa uvivu zaidi kuliko kwa wema. Siku moja alikaa chini mbele ya kibanda na midomo yake ikawa na rangi ya majivu. Nilifunga kibanda, nikampeleka Kasese, kwenye kliniki niliyokuwa nikimpeleka mume wangu.

Msichana wa mapokezi alinifahamu. Alinipa pole tena kwa mume wangu, kisha akachungulia nyuma yangu. "Na huyu ni nani wako?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Ningesema ni jirani, au tunasali pamoja. Nikasema, "Ananifanyia kazi."

"Basi angoje nje kwanza. Wagonjwa wengine hawapendi."

Akangoja nje, kwenye ngazi, juani. Mimi nilikaa ndani kwenye kiti. Hakikuwa kiti cha mtu mwingine, nafasi zilikuwepo, na mlango ulikuwa wazi, hivyo niliona mgongo wake muda wote ule. Aliitwa wa mwisho. Daktari mwenyewe alikuwa mtu mpole, akampima vizuri, akaniambia moyo umechoka na umekuwa mkubwa, apewe vidonge hivi na asibebe kitu kizito. Nilimweleza. Akasema, "Asanti, patron." Hivyo ndivyo Wakongo wanavyomwita mwajiri wao. Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile. Alikuwa amesikia.

Aliishi majuma matatu. Siku ya Alhamisi, saa tisa hivi za mchana, nilimpelekea uji, nikamkuta amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, ameshapoa. Chumbani mlikuwa na godoro, sufuria mbili, madumu yake, na mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mengi. Ndani ya mfuko mlikuwa na cheti cha ubatizo, kilichopigwa muhuri wa parokia moja ya kule kwao. Nilisoma jina lake. Nilikuwa nimemjua miaka mitano.

Ijumaa asubuhi tulikutana kwenye baraza ya kanisa. Padre alikuwa milimani, juu ya Kyarumba, akizungukia vigango, yale makanisa madogo ya huko, na simu huko hushika zinapotaka. Kwa hiyo aliyeongoza alikuwa katekista, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Alikuwepo mama kiongozi wa chama chetu, ambaye nilikaa naye benchi moja miaka mingi, na wazee kama sita wa parokia. Walikuwa wamemwita pia mkubwa wa wafanyabiashara wa Kikongo pale sokoni, naye akaja na shati lililopigwa pasi.

Jambo lilikuwa moja. Sisi tunazika majumbani, kwenye mashamba yetu. Wasio na shamba huzikwa nyuma ya kanisa, kwenye makaburi machache walimolala makatekista wa zamani na mwalimu mmoja aliyetoka mbali. Huyu hakuwa na shamba.

Mama kiongozi alisema wa kwanza. "Namhurumia, Mungu ni shahidi yangu. Lakini pale nyuma ni pa watu wetu. Tukimweka huyu, kesho italetwa Kongo nzima."

"Alibatizwa," katekista akasema. "Cheti hiki hapa."

"Hakuna aliyekataa kwamba alibatizwa."

Mzee mmoja akasema arudishwe kwao. Katekista akauliza, kwao wapi? Wote wakamgeukia yule mfanyabiashara. Aliweka mkono kifuani kwa adabu.

"Ba mama, ba baba, musikasirike. Sisi tuko Banande. Ule haiko mutu wetu, ni mutu ya mu pori. Batu yake beko mbali sana, miye sibajue. Na njia ya kule iko mubaya, banaua batu."

Sisi Wakonzo na hao Wanande tunasema lugha moja. Mto tu umetugawa, na waliochora mpaka juu ya mto. Babu zetu ni wamoja, na tunapenda kuimba hivyo kwenye harusi. Asubuhi ile pia tulielewana upesi.

Mama kiongozi akashauri apelekwe mpaka darajani, akabidhiwe upande wa pili, wao watajua. Mwingine akasema itatakiwa karatasi ya maiti kuvuka. Mwingine akasema karatasi inaweza kupatikana. Wakaanza kuzungumza karatasi. Nilikuwa nimeegemea nguzo. Nzi alikuwa akitembea kwenye cheti cha ubatizo, na katekista alikuwa akimfukuza kwa kidole kimoja, anarudi, anamfukuza.

"Azikwe kwangu," nikasema.

Hawakusikia. Nikarudia.

"Kwako wapi?" mama kiongozi akauliza.

"Kando ya mume wangu. Pale pangu."

Kisha yeye akanijia, akanishika bega kwa upole wa kweli. "Mama, umechoka. Tangu baba atutoke hujawa sawa. Nenda upumzike, jambo hili tuachie sisi."

"Mtampeleka wapi?"

Mkono wake ukashuka kutoka begani kwangu.

"Basi."

Watu wakinisifu kwa maneno yale huwa sijui niwajibu nini. Hayakuwa na moto ndani yake. Ijumaa ile jua lilikuwa linapanda, maiti haingoji, na nilikuwa nimechoka kusikia habari za karatasi. Labda pia nilikuwa nikiuona mgongo wake kwenye ngazi za Kasese. Sijui. Nimejichunguza mara nyingi na sipati neno jingine la kweli kuliko hilo.

Mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, aliniuliza mara mbili kama nimefikiri vizuri, kisha akaniandikia barua ya ruhusa ya kuzika. Habari ilinitangulia. Nilipofika nyumbani shemeji yangu alikuwa ameshashuka kutoka Kyarumba kwa bodaboda, amesimama uani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Yeye husoma masomo kila Jumapili kwenye kigango chao, na anasoma vizuri, bila kukwama.

"Shemeji, nimesikia neno njiani, nikasema ni uongo."

"Karibu ukae."

"Sikai. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ardhi hii ni ya baba yetu."

"Najua. Nafasi ile ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa wewe. Sikumpa mbilikimo." Alivua kofia, akaikunja. Macho yake yalikuwa mekundu, nikaona kwamba yeye bado anaweza kulia, nikamwonea wivu kidogo. "Kaka yangu alikosa nini, mpaka alazwe na mtu wa namna ile?"

Nilimwambia kaka yake alikuwa askari. Alilala kwenye mahandaki na watu wa kila namna, wengine wakiwa hai na wengine wameshakufa, na hakuwahi kuniletea malalamiko.

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha."

"Na wewe utalala wapi? Mtaroni?"

"Sijui. Labda."

"Siku yako ikifika usiniite."

"Siku yangu ikifika sitaweza kumwita mtu, shemeji."

Alikwenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia akikanyaga majani makavu ya migomba. Aliporudi alikuwa ameshika kile kijiti. Akakivunja vipande viwili, akavitupa jikoni kwenye kuni zangu, akapanda bodaboda. Mwenye bodaboda hakunitazama.

Jumamosi asubuhi katekista alifika na jembe, suruali ameikunja mpaka magotini. Nyuma yake walikuja vijana wawili wa bodaboda wanaokunywa chai kwangu, na mwenye mashine ya kusaga, ambaye ni Mwislamu na ndiye aliyekuwa amempangisha chumba. Nilimwambia asisumbuke. "Alikuwa jirani," akasema, akatema mate viganjani, akaanza kuchimba. Wanne hao walichimba mpaka saa nne. Udongo wa upande ule una mawe mengi. Kaburi lilikuwa fupi, na mmoja wa wale vijana alipolipima kwa hatua alianza kucheka, kisha akaacha mwenyewe bila kukatazwa.

Wanawake wawili wa Kikongo wanaouza vitenge sokoni walikuja wakati jeneza linatolewa. Yule mkubwa wa wafanyabiashara hakuja. Hawakusema walikuwa nani wala kwa nini wamekuja. Mmoja alikunjua kitenge kipya, bado kina harufu ya duka, akakifunika juu ya mbao, akazipanga vizuri pembe zake kama anayetandika kitanda. Mama kiongozi pia hakuja. Lakini binti yake alileta sufuria kubwa ya maharage, akaiweka mlangoni, akasema, "Mama amesema chukueni," akaondoka mbio.

Padre alifika tukiwa tunangoja. Simu ya katekista ilimfikia jioni, akatembea kutoka juu usiku kucha, na viatu vyake vilikuwa vimekuwa donge la udongo. Alisoma sala zote, hakuruka hata moja. Alipofika mahali pa kutaja jina aliniuliza kwa macho, nikalitaja. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitoa mdomoni. Tuliokuwepo tulikuwa watu wanane.

Baadaye padre alikaa jikoni kwangu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Wengine walikuwa uani wakila yale maharage. Nikaona niseme.

"Padre, watu watakwambia nimefanya tendo la upendo. Mimi sikumpenda. Nilimwita mbilikimo kama wengine. Nilimtengea kikombe. Kule Kasese nilimkana. Hata leo nimesimama pale kaburini na sikusikia kitu, kama ninavyokwambia, hakuna kitu humu ndani tangu mume wangu afe. Sasa hili nimelifanya kwa nini? Linahesabika?"

Alikunywa chai kidogo. Nilidhani ataniletea maandiko. "Mwaka jana," akasema, "nilitoka kwenye misa ya pili. Nilikuwa bado na kanzu yangu. Wazee wa parokia walikuwa pale nje wakimtania marehemu, wakimwuliza kama huko msituni kwao wanavaa nguo. Nilisikia. Nikapita. Nilikuwa na njaa."

Maji kwenye beseni yalikuwa yamekuwa mekundu kwa udongo.

"Jana barazani, kama nilivyosimuliwa, watu walisikia mengi moyoni," akaendelea. "Huruma, hofu, uchungu, kila mmoja na lake. Wangempeleka darajani na huruma yao yote. Mimi sikuulizi ulisikia nini, mama. Ule moyo wako utaamka wenyewe au hautaamka, hilo ni la Mungu. Usingoje uamke ndipo umtendee mtu haki. Waweza kungoja mpaka ufe."

Jumapili alihubiri. Alilitaja jina lake madhabahuni mara tatu, akaeleza alikuwa nani na alibeba nini na tulimwita nini. Alianza na yeye mwenyewe na ile njaa yake. Baadhi ya watu walitazama sakafu. Mzee wa simenti alitoka nje, akarudi wakati wa sadaka. Mama kiongozi alilia sana. Nami nayasadiki machozi yake, ni mtu mwenye moyo. Tunaongea naye mambo yote, watoto, bei ya mihogo, magoti yanayouma, isipokuwa hilo moja. Baadaye kidogo chama cha akina mama kilipeleka neno kwenye baraza la parokia, kwamba makaburi ya nyuma ya kanisa yawe ya Mkristo yeyote aliyefia hapa bila shamba. Lilipita kwa shida, baada ya vikao viwili. Sikuhudhuria hata kimoja. Nasikia mama kiongozi ndiye aliyelitetea.

Shemeji yangu hajashuka mpaka leo. Naambiwa bado anasoma masomo, na bado hakwami. Mwezi wa mavuno hunitumia debe la kahawa kwa mtu, kama zamani, maana mimi ni mjane wa kaka yake na mila hairuhusu asitume. Hatumi salamu. Mimi hutuma. Kutoka upande wa pili wa mto hakuna aliyekuja kumwulizia yule mwanamke. Nimewaambia wauza vitenge, na madereva wa malori, kwamba akitokea mtu yeyote wa kwao waniletee. Bado.

Wateja watatu walihama. Wawili walirudi, kwa sababu chapati za jirani ni ngumu. Siku hizi kuna mama mwingine anayetubebea maji, mkimbizi pia, mrefu huyu, amekuja na watoto. Anakunywa chai yake kwenye bilauri yoyote iliyo karibu. Kile kikombe cha bluu nilikitupa chooni siku tuliyomaliza arobaini yake, bila sherehe, nikiwa natupa na takataka nyingine.

Juzi dereva mmoja wa lori, mtu wa Kasese, mcheshi, alimwona yule mama akipita na madumu yake, akasema neno juu ya Wakongo na harufu. Benchi zima likacheka. Nilikuwa nimeshika mwiko.

"Hapa kwangu hatusemi hivyo," nikamwambia.

"Mama! Nilikuwa natania tu."

"Najua. Mimi nilitania miaka mitano."

Hakuelewa, na sikumwelezea. Benchini kila mtu alijishughulisha na chai yake. Moyo wangu haukwenda mbio, wala sikujiona shujaa, wala sikujisikia vizuri. Ilikuwa kama kufuta meza. Ukiona uchafu unafuta, kesho unafuta tena.

Dereva alikaa akifikiri, au akijifanya anafikiri. Kisha akasogeza sahani yake mbele.

"Niongezee moja, mama. Hiyo ya juu, yenye moto."

Nikamwongezea.